Mama wa G80 na ile kona yetu ya vigae vya kahawia

Juzi tuko kwenye foleni pale Mwenge, dogo kakaa nyuma anahesabu Harrier kama kawaida yake tangu tumetua Dar, mara akauliza, baba, mbona hii Harrier imeandikwa Lexus na ile imeandikwa Toyota wakati ni gari moja? Mama yake akanigeukia, haya jibu, hayo ndo mambo yako. Nikamweleza kwamba Harrier ilitoka Japani mwaka 1997 ikiwa Toyota, mwaka uliofuata ikaanza kuuzwa Marekani kama Lexus RX 300, Lexus ikiwa chapa ya kifahari ya hao hao Toyota, na Wajapani wenyewe kwao hawakuwa na duka la Lexus mpaka Agosti 2005, ndo maana magari yaliyotufikia sisi kwa meli miaka ile yote yana alama ya Toyota. Altezza, Aristo, Soarer, hizo zote Marekani zilikuwa Lexus. Dogo akafikiri kidogo akaniuliza tena: sasa kama ni gari moja si wangeuza kwenye duka moja tu?

Foleni ikasogea, yeye akahamia kwenye mambo ya barafu. Mimi sijaliacha hilo swali mpaka leo usiku huu naandika.

Wanaonifuatilia wanakijua kile kipindi cha Houston, Texas, kabla sijapata leseni ya lori. Nilikuwa dereva kwenye shorumu moja ya Hyundai, kazi yangu ni magari ya Genesis tu. Namfuata mteja nyumbani au kazini kwake, namwachia gari la kutumia siku hiyo, lake nalileta gereji, likitoka linaoshwa namrudishia mlangoni. Genesis kwa Hyundai ni kama Lexus kwa Toyota, waliitangaza kuwa chapa inayojitegemea Novemba 2015. Kabla ya hapo lilikuwa jina la gari la Hyundai tu, na ukilikuta lile la 2015 mpaka leo utaona boneti ina alama ya mbawa halafu nyuma kwenye buti kuna H ya Hyundai.

Kwa hiyo chapa ilijitenga, lakini duka halikujitenga. Magari yaliuzwa humo humo kwenye shorumu za Hyundai, Marekani nzima kama 350 hivi ndo zilikuwa na ruhusa, na yetu ikiwemo. Sisi tulikuwa na kona. Vigae vya kahawia badala ya vyeupe, taa za mwanga wa njano, makochi mawili ya ngozi, mashine ya kahawa, na kibao chenye mbawa ukutani. Gari moja la G90, saluni kubwa ya Genesis, la dola karibu 70,000 limesimama hapo linang'aa, ukipiga hatua chache tu unakutana na Accent, vile vigari vidogo vya Hyundai, za dola 15,000 zimeandikwa bei kwenye kioo kwa maandishi makubwa ya rangi.

Sasa kumbukumbu yenyewe ni ya Oktoba 2017. Kimbunga Harvey kilikuwa kimepita mwishoni mwa Agosti, mafuriko yale yalizamisha magari kwa malaki Houston na miji ya jirani, na watu wakishalipwa na bima wanakuja shorumu moja kwa moja. Hatujawahi kuona watu vile. Jumamosi ndo usiseme, mzee mwenye shorumu alikuwa ameita redio ya mtaani wapige muziki pale nje, kuna soseji zinachomwa, maputo kila mahali, watoto wanakimbia kati ya magari, watu wamebeba karatasi za bima kwenye bahasha zilizolowa zikakauka. Mimi hiyo Jumamosi sikuwa na gari la kufuata nikawa nasaidia ndani.

Akaingia mama mmoja mtu mzima, Mmarekani mweusi, amevaa suti ya rangi ya zambarau na kofia yake ile ya kanisani yenye ukingo mpana, kashikwa mkono na mjukuu wa kike wa miaka saba au minane hivi. Alikuwa nesi, kastaafu, miaka yote kafanya zamu za usiku. Gari alishalichagua kwa simu, G80 nyeusi, ile iliyoanzia dola 42,000 hivi, na hela nyingi alishaweka. Alikuja kusaini na kuondoka nalo. Nikampeleka kwenye kona nikamkalisha kwenye kochi, nikamwambia mama subiri kidogo, mtu wa makaratasi ana wateja wawili mbele yako, kwa sababu ofisi ya mikopo ilikuwa moja kwa wote, awe wa Accent awe wa G90.

Akakaa. Mkoba mapajani, mikono yote miwili juu ya mkoba. Yule binti akasimama kando yake. Kulikuwa na puto jekundu mtu kalifunga kwenye mkono wa lile kochi, sijui nani, na kila mlango wa nje ukifunguliwa upepo unaingia, puto linamgonga ukingo wa kofia. Mara ya kwanza akalisogeza kwa kiganja. Likarudi. Akalisogeza tena. Nje yule wa redio anapiga kelele anataja namba ya mshindi wa tiketi, wanaume wawili wamekuja kujichotea kahawa kwenye mashine yetu wanaongea juu ya kichwa chake habari za bima, mmoja kaegemea ile G90 kwa kiuno. Yule mama akavua glavu moja, akaanza kufungua fundo la lile puto kwa kucha, polepole, akalimaliza, akampa mjukuu wake kamba. Halafu akaniangalia akasema, mwanangu, mlango wa haya magari uko wapi?

Nikamwambia mlango ndo huo huo mama, ule tulioingilia.

Akatikisa kichwa, wala hakukasirika. Akaniambia, "Elantra yangu iliyozama niliinunua hapa hapa. Nilikaa pale." Akanyoosha kidole kwenye viti vya plastiki karibu na choo. "Nilitoka zamu, nina sare, nina usingizi, nikakaa pale masaa manne. Sikuona vibaya, hela yangu ilikuwa ya pale. Leo nilitaka niingie kwa mlango mwingine."

Nimejaribu mara nyingi kuwaeleza watu kile kilichokuwa usoni kwake wakati anasema vile na huwa nashindwa. Hakuwa na majivuno hata kidogo. Mtu asiyemjua angesema huyu bibi anajiona, hataki kuchangamana na wa Accent, na huyo wa Accent ndo yeye mwenyewe wa miaka ile. Alichokuwa anakidai ni kwamba ile safari ndefu ya maisha yake pale mwisho iwe na kizingiti cha kuvuka, na sisi tulikuwa tumempa rangi ya vigae.

Akasaini zamu yake ilipofika. Ila funguo akakataa kuchukua. Akasema nileteeni. Nikampelekea Jumatano jioni kanisani kwao, ana kipindi cha Biblia katikati ya wiki, nikaegesha mbele ya mlango kama alivyoniagiza, watu walipotoka akina mama wenzake wakalizunguka, mchungaji akaweka mkono juu ya boneti akaliombea, mimi nikamuunganishia simu yake, nikamwonyesha kile kiti kinachopuliza ubaridi mgongoni, akacheka sana kwa hicho kiti. Ndo makabidhiano yale.

Nilirudi nikamsimulia mzee. Huyu mzee nilimheshimu na bado namheshimu, ameuza magari tangu kijana, na hakunijibu kwa dharau, alinikalisha akanipigia hesabu kwenye karatasi. Genesis za mwaka ule zilikuwa zinaelekea elfu 20 na ushee Marekani nzima. Gawa kwa maduka 350, hayafiki magari 60 kwa duka kwa mwaka, ndo matano kwa mwezi. Matano hayo yalipe jengo jipya, kiwanja, umeme, mapokezi, fundi wao, muuzaji wao? Na magari yenyewe ni aina mbili, G80 na G90, zote saluni, wakati mji mzima unanunua SUV. Akaniambia hata Lexus mwaka 1989 walipofungua hawakuthubutu kuingia na LS 400, ile saluni yao kubwa, peke yake, ilibidi waweke na ES 250 ambayo ilikuwa Camry iliyovishwa koti, kwa sababu hakuna mwenye duka anayeweza kuishi kwa gari moja. Ila wale walijenga maduka yao kwanza, nikamwambia. Akasema ndiyo, walijenga kwanza, na Toyota ilikuwa na subira na mfuko wa kuingojea hiyo hela. Pia akanikumbusha kwamba hata mwezi wa kumi na mbili mwaka ule ule LS ilipopata kasoro, magari kama 8,000 hivi, wao waliwafuata wateja majumbani, wakatengeneza, wakarudisha yameoshwa na mafuta yamejazwa, na hapo ndo jina lao lilijengeka zaidi kuliko kwa yale majengo. Ndo kazi yako hiyo unayoifanya, akaniambia. Nilijisikia vizuri, sitaficha.

Haikupita muda, Januari 2018, ikatangazwa kwamba Genesis itakuwa na maduka yake peke yake na yatakuwa kama 100 tu badala ya 350. Hapo ndo nilielewa kwamba kujenga ndo sehemu nyepesi. Kule kila jimbo lina sheria yake ya kulinda wenye maduka. Texas kiwanda hakiruhusiwi kukuuzia wewe gari moja kwa moja, lazima apatikane wakala mwenye leseni katikati, na ukiitenga chapa basi mikataba mipya na leseni mpya jimbo kwa jimbo. Wenye maduka waliokuwa wameshaweka vigae na makochi wakaja juu, nani afidiwe, nani abaki, na baada ya miezi michache mpango ukageuzwa, mlango ukafunguliwa kwa mawakala wote wa Hyundai watakaotaka. Wakati huo magari ya modeli ya 2019 yanasubiri makaratasi. Mauzo ya mwaka ule yakaanguka hadi elfu 10 na kitu, yaani nusu. Na gari lenyewe halikuwa na shida, G70, saluni yao ndogo mpya, Januari 2019 ikachaguliwa gari la mwaka la Amerika ya Kaskazini. Gari bora kabisa, na kuna majimbo ulikuwa hupati pa kulinunulia. Pale kwetu kona ilikaa wiki na wiki na gari moja la maonyesho, mzee anapita anazima zile taa za njano mwenyewe jioni.

Niliendelea kumfuatia yule mama gari lake kwa ajili ya sevisi. Hakukanyaga tena shorumu. Kila nikifika ananiuliza wameshajenga? Bado mama. Ananipa chai ya barafu tunaongea habari za nyumbani, alikuwa anapenda kusikia habari za Tanga. Na mzee naye kila nikirudi ananiuliza yule mama karidhika? Gari karidhika nalo. Anaguna, anasema wakiniletea SUV namwaga zege wiki hiyo hiyo.

SUV ikaja, GV80, mwishoni mwa 2020, na mwaka uliofuata mauzo yakapanda mpaka karibu 50,000, mimi nikiwa nimeshahamia kwenye lori. Mzee alikuwa ameshauza shorumu akapumzika, kwa hiyo zege lile hakulimwaga yeye. Nami huwa siwezi kuamua nani alikuwa sahihi kati yao wawili. Mama alikuwa na haki ya kile alichokitaka, hilo nitabishana na yeyote. Lakini mzee angejenga 2017 angefilisika 2018, na mimi na mafundi wenzangu tungekuwa barabarani, na hela ya kulipia kizingiti cha yule mama ingetoka wapi?

Mimi na yule mama tunapigiana simu kila Krismasi. Mwaka jana kaniambia kabadilisha, kachukua GV70, SUV ndogo yao, na safari hii alisafiri mpaka mji mwingine kwenye jengo la Genesis peke yake, mlango wao, vigae vyao, hakuna Accent hata moja. Nikamuuliza ilikuwaje mama. Akasema pazuri sana, kimya, kahawa wanakuletea kwenye kikombe cha udongo, ila wote walikuwa vijana wageni, ikabidi awatajie jina lake herufi kwa herufi mara mbili. Gari lenyewe linamfaa kuliko lile la kwanza kwa sababu ya magoti, kupanda na kushuka hasumbuki tena.