Babu na barabara za Ngamiani

Leo nimempeleka babu Ngamiani, hapa Tanga, kwa bajaji. Macho yake hayaoni tena.

Tulipovuka kila njia panda, kidole chake kiligonga bomba la kiti. Tap. Tap.

"Rudi mwanangu, Barabara ya 12 umeshaipita."

Dereva akabaki kinywa wazi, na ramani iko kwenye simu yake 😂

Jamani, ubongo! Kuna sehemu yake inaitwa hipokampasi, inayotusaidia kukumbuka mahali na njia. Mwaka 1971 mwanasayansi John O'Keefe alieleza seli za hipokampasi ya panya ambazo huamka panya akifika mahali fulani tu. Nobel akaipata 2014, pamoja na wanasayansi May-Britt na Edvard Moser. Na madereva teksi wa London, wanaokariri maelfu ya mitaa, hipokampasi zao kwa nyuma zilikutwa kubwa kuliko za wengine.

Ya babu nani aipime?

Wana Tanga, kwenu nani yuko hivi? Hebu nipeni visa.