Sikukata matunzo, na ndiyo yaliyonipatia siku zangu na mwanangu

"Hakupi mtoto? Basi na wewe usitoe matunzo, atanyooka mwenyewe." Ushauri huu nilipewa na kaka yangu, na marafiki, na hata mzee mmoja ninayemheshimu sana, wote wakiongea kwa uhakika kana kwamba sheria waliitunga wao. Ni upuuzi mtupu. Kwa hakimu, matunzo ni haki ya mtoto, na kuwaona wazazi wake wote wawili pia ni haki yake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989 unalisema hilo la pili waziwazi. Ukikata hela kwa sababu umenyimwa mtoto, unaingia mahakamani nawe ukiwa na kosa lako, na mwenzako anashusha pumzi.

Mama Zawadi, mzazi mwenzangu, na mimi tulikuwa na makubaliano ya malezi: wikendi kwa zamu, likizo nusu kwa nusu. Mwanzoni yalifuatwa. Kisha mtoto akaanza "kuugua" kila Ijumaa yangu, baadaye hata simu ikawa haipokelewi.

Nikaenda polisi. Nilinyoosha shati, karatasi nikaitia kwenye bahasha safi, nikajiona mtu mwenye haki zake kamili. Askari akaisoma taratibu, akaigeuza nyuma kuangalia kama kuna kingine, kisha akauliza, "Muhuri wa mahakama uko wapi, bwana?" Haukuwepo. Tulisaini sebuleni mbele ya mashahidi. Akanirudishia bahasha yangu. "Hii ni madai, si jinai. Hatumtoi mtoto kwa mama yake kwa karatasi hii."

Wakili (alinila kama mishahara miwili hivi, sikuhesabu vizuri ili nisiumie) akanifafanulia. Makubaliano ya wazazi peke yao kwa kawaida ni ushahidi tu wa mlichopatana. Mahakama ikiyapitisha yanakuwa amri, na anayevunja amri kwa makusudi anaidharau mahakama. Basi yakapitishwa yale yale, safari hii na muhuri. Mama Zawadi akaendelea kuyavunja.

Hapo ndipo nilipoanza mchezo wangu. Kila Ijumaa yangu nilifika mlangoni saa ileile iliyoandikwa na kutuma ujumbe: "Habari za jioni, Mama Zawadi. Nimefika kumchukua mtoto kama amri inavyosema." Nasubiri nusu saa, natuma wa pili: "Naona leo haikuwezekana. Naomba unitajie siku ya kufidia." Basi, naondoka. Hakuna tusi, hakuna kugonga geti. Kaka akanicheka, eti namwandikia mzazi mwenzangu kama karani wa benki. Hakujua kwamba niliyekuwa namwandikia ni hakimu. Mama Zawadi alinijibu kwa mvua ya matusi, na mwishoni akaandika: "Utamwona nikitaka mimi." Nilitamani kuuwekea fremu ujumbe ule!

Nikarudi mahakamani kuomba amri ifuatwe. Siku ya ombi, wakili wa Mama Zawadi alisema mtoto alikuwa mgonjwa. Hakimu akataka vyeti vya daktari. Kimya. Akasoma jumbe zangu, akasoma majibu, akapitia risiti zangu za matunzo, hakuna mwezi uliorukwa. Akaamuru nifidiwe siku zangu, mwenzangu alipe gharama za ombi, na akamwonya kwamba akirudia ajiandae kwa faini au kifungo. Akagusia pia kwamba suala la mtoto aishi na nani linaweza kufunguliwa upya. Hilo ndilo lililomtisha kuliko jela. Ila usilikimbilie: mahakama huangalia maslahi ya mtoto, si kukuzawadia wewe. Kila nchi ina namna yake. Uingereza, kwa mfano, mzazi anayekaidi anaweza kupewa kazi bila malipo ya saa 40 hadi 200.

Kama mtoto yuko hatarini kweli, kimbilia mahakamani uombe amri ibadilishwe haraka, usijiamulie tu. Na akivushwa mpaka bila ridhaa yako, muulize wakili siku hiyohiyo kuhusu Mkataba wa Hague wa 1980, wa kurudisha watoto waliopelekwa nchi nyingine kinyume cha haki. Unahusu watoto chini ya miaka 16, kati ya nchi zilizojiunga, na ukiacha mwaka upite kazi inakuwa ngumu zaidi.

Siku hizi mtoto anakabidhiwa kwa wakati. Juzi nilikwama kwenye foleni wakati wa kumrudisha, simu ikalia: "Habari za jioni, Baba Zawadi. Saa ya kumrudisha mtoto kama amri inavyosema imepita. Naomba unieleze mmefika wapi."