Chai ya chumvi

Ilikuwa likizo ya Disemba 2003, niko darasa la sita, mama akanipakia kwenye basi pale Tanga mjini nikaenda Pangani kwa mjomba wangu, ye kazi yake ilikuwa kununua nazi mashamba ya juu huko mtoni anazishusha mjini kwa mtumbwi. Watu wakifika Pangani wanauliza Boma, wanauliza Bushiri bin Salim, yule aliyeongoza watu wa pwani kuwapinga Wajerumani, alivyonyongwa nao pale Disemba 1889, sawa, hiyo ni historia yetu naiheshimu sana, ila mimi Pangani kwangu ni mto.

Alfajiri mjomba kaniamsha, "Mjomba amka, maji yanajaa." (Kwetu mjomba anamwita mpwa wake mjomba vilevile.) Kwenda juu huteseki na kafi, unangoja bahari ijae, inausukuma mto unarudi ulikotoka na wewe unapanda nao. Kijiji cha Bweni kile ng'ambo na kilima chake, kivuko hakijaanza kuvusha watu, mikoko huku na huku mizizi imefunikwa, kimyaa, naogopa mamba lakini sisemi.

Mikoko ikaanza kupungua ikaja minazi. Hapo mjomba kaacha kafi, kachota maji kwa kiganja akaonja, akatema. Tukaenda weee, kaonja tena, akatema. Mara ya tatu nikamuuliza, mjomba unatafuta nini? Akanambia natafuta chumvi inapoishia, zamani hapa nilikuwa nachota nakunywa.

Basi akanielezea huku anapiga kafi taratibu, kwamba mto huu unatoka Kilimanjaro na Meru huko, ni kama kilomita 500 mpaka baharini, na njiani kote watu wanauhitaji, wanamwagilia mpunga na mboga, kuna bwawa la Nyumba ya Mungu, kuna mitambo ya umeme pale Hale, hivyo ukifika kwetu umeshanywewa na wengi, hauna nguvu ya kuizuia bahari, na bahari ikiona mto umelegea inapanda nayo. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu akifungulia mfereji shambani kwake kule Moshi bibi mmoja huku Pangani anaguswa.

Na huyo bibi ndo tulikuwa tunaenda kwake. Shamba lake liko ukingoni kabisa, minazi ya mbele imesimama haina vichwa, vigogo vitupu, mingine miwili imelala ndani ya maji maana ukingo umemeguka. Nikamwamkia shikamoo bibi, marahaba mwanangu, karibu, akatutengea chai na mihogo ya kuchemsha. Nikapiga funda moja. Chai ina sukari halafu ina chumvi, vyote viwili mdomoni, siwezi kuisahau ile ladha mpaka leo. Nikamwangalia mjomba, mjomba anakunywa tu macho yako kwenye kikombe, nami nikanywa mpaka chini.

Bibi akasema, "Mnisamehe wanangu, kisima ndo kimeshakuwa hivyo, cha maji matamu mpaka niende kule juu na miguu hii hainipeleki."

Mjomba hakujibu kitu. Akashuka mtumbwini akarudi na dumu letu la lita 20 tulilojaza bombani mjini, maji yetu ya kunywa ya safari nzima, akamiminia kwenye mtungi wake lote. Bibi akawa anasema basi mwanangu basi yatosha, mjomba anamimina tu.

Nazi tulipata kidogo siku ile, hazikufika hata nusu ya mtumbwi. Tukangoja maji yaanze kupwa tukashuka nayo, kiu imetubana, tukavunja madafu mawili, dumu tupu linagonga mbao nyuma yangu. Mjomba hakuonja tena maji njia nzima.

Kesho yake haikuwa siku ya nazi. Nimeamka nikamkuta bombani anajaza madumu mawili.