Kibarua cha likizo Kisumu kabla hujapata kitambulisho

Kijana wa miaka 16 au 17 akitoka kutafuta kazi ya likizo mjini Kisumu, hukimbilia supamaketi. Anaulizwa kitambulisho cha taifa, ambacho hakipatikani kabla ya miaka 18, na mazungumzo yanaishia mlangoni. Heri aanze na mfanyabiashara mdogo anayejiamulia mwenyewe: duka la sare na vitabu, saiba ya fotokopi, kibanda cha mitumba katika soko la Kibuye.

Wengi huanza kuzunguka mara tu shule zinapofungwa, wakati maduka ya sare bado yamepoa. Maduka hayo hulemewa baada ya Krismasi hadi shule zifunguliwe Januari. Basi fika katikati ya Desemba, kabla mwenye duka hajamwita mpwa wake kutoka Siaya. Kibuye siku kubwa ni Jumapili. Usimwendee muuzaji asubuhi anapofungua belo, yaani robota la mitumba. Wateja wake wazuri wako pale wakigombea kamera, yaani nguo bora za belo, na atakufukuza kama nzi. Nenda katikati ya wiki, saa nane au saa tisa mchana.

Ukifika, usizunguke mbuyu. "Habari ya mchana, mama. Naitwa Achieng, nakaa Manyatta, nina nafasi mpaka shule zifunguliwe. Naweza kupiga pasi, kutundika nguo na kuuza." Ukisema "kazi yoyote tu" unamwachia yeye kazi ya kukufikiria. Beba nakala ya cheti cha kuzaliwa na namba ya mzazi. Cheti chenyewe kibaki nyumbani. Na anayetaka "pesa ya usajili" ndipo akuajiri, hata barua yake iwe na nembo, achana naye.

Malipo yakubaliwe kabla hujagusa kitu. Ni kwa siku, kwa wiki, au kwa kila nguo unayouza? Chakula cha mchana ni cha nani? Tuseme unaahidiwa 300 kwa siku: toa nauli 100 ya kwenda na kurudi, toa 100 ya chakula, umebaki na 100. Kibanda cha 200 unachofika kwa miguu, ukarudi kula nyumbani, kinakulipa zaidi.

Panapoharibika zaidi ni kwenye shoti. Jioni pesa hazitoshi, na mgeni wa duka ndiye wewe. Kila asubuhi hesabu chenji ya kuanzia mbele ya mwenye duka, iandikwe daftarini. Jioni vivyo hivyo. Mteja akikuonyesha ujumbe wa M-Pesa kwenye simu yake, usimpe mzigo bado: huenda ni wa kughushi, au ni wa jana. Ngoja ujumbe uingie kwenye simu ya duka, kisha usome jina, kiasi na saa. Noti ya 500 iache juu ya meza, mbele ya macho yenu wote, mpaka umalize kurudisha chenji. Ukishaitia kwenye sanduku, akidai alikupa 1,000 huna la kumwonyesha. Na usimkopeshe "rafiki ya bosi" bila bosi mwenyewe kukuambia.

Kuhusu umri, Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu aliye chini ya miaka 13 kuajiriwa. Kuanzia 13 hadi kabla ya 16 ni kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya wala masomo. Kubeba mawe ya mjengo hadi ghorofa ya tatu si kazi nyepesi, hata kama fundi ni mjomba wako.

Mwishoni omba barua fupi: jina lako, kazi uliyofanya, tarehe, saini na muhuri wa duka. Iombe siku mbili tatu kabla ya kuondoka, wakati bado unahitajika. Ukishaondoka, utaambiwa pitia kesho.