Kwenda kwa babu wakati wa karafuu

Mtambwe, Pemba. Disemba, usiku.

Mwaka huu mimi na baba watoto tulikubaliana jambo moja: watoto wasiwe wanawaona wazee wao Idi kwa Idi tu. Idi tutakwenda, hilo halina mjadala. Lakini tutakwenda pia siku ambazo wazee wenyewe wana kazi mikononi. Ndiyo maana sasa hivi niko kwa wakwe zangu, msimu wa karafuu ukielekea ukingoni, na shughuli za mjini nimeziacha Unguja.

Idi ya kwetu mnaijua. Siku nne za nguo mpya na pilau. Mtoto anafika kwa bibi yake anamkuta amejifunga kanga ambayo haijaingia maji, amejifukiza udi, amekaa barazani anangoja wageni. Anamwamkia, anambusu mkono, anapewa sikukuu yake, anakula vileja na visheti, kisha anaanza kuvuta nguo ya mama yake apelekwe uwanjani kwenye pembea. Bibi wa Idi ni mwenyeji. Ananukia vizuri, ana noti mpya kwenye pindo la kanga, na kabla hamjazungumza lolote la maana wameshaingia wageni wengine. Nampenda sana bibi huyo. Ila sikutaka wanangu wakue wakimjua yeye peke yake.

Halafu kuna suala la mwezi. Idi inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, haikai na msimu mmoja. Utotoni mwangu Idi ya Mfunguo Mosi, ile ya baada ya Ramadhani, ilikuwa ikiangukia kwenye maembe na shokishoki. Mwaka 2000 tuliipata mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Disemba, na kwa akili yangu ya kitoto Idi na shokishoki havikuwa vitu viwili. Wanangu wamezaliwa Idi ikiwa ndani ya masika. Ile ya 2024 ilikuwa Aprili 10. Wanachokumbuka wao kuhusu kwa babu ni mvua, tope kwenye viatu vipya, na kufungiwa ndani wasiharibu nguo. Binti yangu ana miaka saba, shokishoki amekula tangu hajaota meno yote, lakini zote za sokoni, za fungu. Wiki hii ndiyo mara ya kwanza ameziona juu ya mti wake. Alisimama chini akauliza nani amezifunga vile.

Safari haina mengi ya kusimulia. Tulipanda boti Malindi asubuhi. Bahari ya mkondo ilikuwa imetulia, si kama wakati wa kusi ambapo hata mtu mzima anashika mfuko mkononi akingoja zamu yake ya kutapika. Watoto walilala. Kutoka Mkoani kuja huku juu kila uwanja ulikuwa na jamvi na kila jamvi lilikuwa na karafuu. Mdogo wao, wa miaka mitatu, alitoa kichwa dirishani akawa anavuta pumzi kwa nguvu njia nzima.

Tulifika mchana na hakuna aliyetoka kutupokea. Mama mkwe aliita kutoka uani, "Karibuni! Piteni huku huku, mtanisamehe, mikono yangu haishikiki!" Nilifurahi kuliko ningefunguliwa sebule.

Baba mkwe ana eka tatu alizorithi kwa marehemu baba yake, ambaye alizipata kwenye ugawaji wa ardhi baada ya Mapinduzi ya 1964. Baadhi ya mikarafuu iliyomo ni mikongwe kuliko yeye. Karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka, pale tumba linapoanza kuiva wekundu. Ukichelewa ikachanua, imeshapoteza thamani. Kwa hiyo mti ukiwa tayari haungoji harusi, haungoji mgonjwa, wala haungoji mgeni wa kutoka Unguja. Wachumaji wanaondoka alfajiri na mapakacha yao, wanarudi jioni, na hapo kazi ya nyumbani ndiyo inaanza.

Hii kazi ya jioni ndiyo niliyotaka wanangu waione. Vishada vinamwagwa juu ya jamvi chini ya taa, watu wanakaa kuzunguka, mnaanza kuchambua. Bibi hushika kishada kwa mkono wa kulia, akakigandamiza juu ya kiganja cha kushoto, akakizungusha mara moja. Karafuu zinamwagika mbele yake, konyo, kile kijiti chake, linabaki kwenye vidole, analitupa upande wa pili. Haangalii. Anauliza habari za mjini, anamfukuza kuku, anamjibu jirani aliyepita njiani, na mikono haisimami. Binti yangu alianza kwa kunyofoa moja moja. Bibi yake hakumwambia neno. Alipunguza mwendo tu, akaisogeza mikono yake karibu na taa. Wakakaa vile, goti kwa goti, mmoja anafanya polepole na mwingine anatazama, mpaka mtoto akaanza kukigandamiza kishada kama alivyoona. Leo anaweza. Si kila kishada, lakini anaweza, na ncha za vidole vyake zimeshika rangi ya kahawia ambayo sabuni haiitoi. Makonyo nayo hayatupwi. Yanaanikwa, yanauzwa, na huko Wawi, Chake Chake, kuna kiwanda kinachoyakamua mafuta. Nilimweleza hivyo akawa mkali: konyo likimponyoka analifuata mpaka chini ya mkeka.

Na maneno hutoka hapo hapo kwenye jamvi. Siku ya Idi babu ana wageni ishirini na kila mmoja lazima aulizwe hali. Huku jamvini ana saa tatu za kukaa na wajukuu na hana pa kwenda. Alituhadithia kwamba zamani Unguja ndiyo iliyokuwa na mikarafuu mingi, mpaka kilipopiga kimbunga cha mwaka 1872 kikaifyeka karibu yote, Pemba ikasalimika, na tangu hapo karafuu zikawa za Pemba. Binti yangu akauliza, "Babu, wewe uliogopa?" Uani pote watu waliangua kicheko. "Mke wangu," babu akamjibu, "wewe unataka kunizeesha upate sababu ya kuniacha!" Utani wa namna hii mwenyewe nililelewa nao, na nilikuwa na wasiwasi kwamba watoto wa mjini hawataupata. Utani hauji kwa miadi. Unataka watu waliokaa pamoja mpaka wamechoka kidogo.

Jana mchana kulitokea jambo dogo ambalo sitaki nilisahau. Karafuu zikishachambuliwa zinahitaji siku kadhaa za jua la kweli. Zikirowa zinaharibika rangi, na mnunuzi hupima kwa macho kabla ya mzani. Vuli huku haijamaliza. Tulikuwa ndani tunakula, mara mama mkwe akasimama na tonge mkononi, akasema, "Mvua." Sikusikia kitu wala sikuona kitu. Alikuwa ameshatoka. Tulikimbia wote, mikono na wali. Majamvi yanakunjwa kutoka pembe nne, karafuu zinakusanyika katikati, watu wawili wanabeba wanaingiza ndani, wanarudi kwa jingine. Pembe moja ilikosa mtu. Mdogo wetu alikuwa amesimama hapo hajui aende wapi, na bibi yake akampigia ukelele, "Mume wangu, vuta!" Akavuta. Miaka mitatu, hana suruali, uso umekunjamana kwa nguvu anazotia, akalivuta jamvi mpaka likakunjika. Mvua yenyewe ilidondosha matone machache ikapita zake, na baada ya nusu saa tukaanika upya. Tangu jana kila wingu likipita anatoka nje kulikagua.

Tulitoka kutembea pia. Ufukweni Vumawimbi tulikwenda, watoto waliogelea, pakapendeza. Kilichowakaa zaidi ni Kidike, kuwaona popo wa Pemba, wale wakubwa ambao hawapatikani popote duniani ila kisiwani humu. Wamening'inia mitini mchana wakijipepea kwa mbawa zao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki wachache mno kwa kuwindwa na kwa kukatwa misitu, wakaja kuhifadhiwa na wanakijiji wenyewe, na leo wako maelfu. Babu alitufuata ingawa magoti yanamsumbua. Tulipofika chini ya miti akawaambia wajukuu kwamba ujanani mwake popo walikuwa kitoweo, na kwamba yeye mwenyewe aliwatega. Sikutegemea aseme. Binti yangu alimtazama muda mrefu, kisha akamuuliza walikuwa na ladha gani. Njia nzima ya kurudi ilikuwa mazungumzo hayo, na mimi nilikaa kimya nisiyaharibu.

Wapo walioniambia kabla hatujaja kwamba kuwapeleka watoto msimu wa kazi ni kuwaongezea wazee mzigo. Ni neno la haki, na nimelichukulia kwa uzito. Tulikuja na mchele, unga, mafuta na sukari ya kutosha, na jiko nimelishika mimi tangu siku ya kwanza. Mama mkwe alikataa kwa heshima, nikakazana kwa heshima, akaniachia. Baba watoto anachuma matawi ya chini pamoja na kaka zake. Mtini mtoto wangu hapandi. Tawi la mkarafuu ni jepesi kukatika, na kila msimu kuna nyumba inayolia kwa mtu aliyeanguka.

Kwa wazazi wangu Makunduchi kalenda ni nyingine kabisa, na huko nako tumeanza kuifuata. Kule mambo yanakwenda kwa bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu bahari inatoka mbali, na kina mama wote wako pwani. Mama yangu analima mwani tangu miaka ya 1990, na ukimkuta maji mafu, bahari isipotoka mbali, atakupikia, atakaa, atakusikiliza. Ukimkuta bamvua inabidi umfuate. Agosti tulimfuata. Aliwaonesha watoto shimo la pweza, akawafundisha kutazama maganda ya kome na kaa yaliyotapakaa mlangoni: pakiwa na maganda mapya, mwenyewe yumo. Aliwaonesha pia mwani wake. Siku hizi maji ya kina kifupi yanapata moto mno, ule mwani mnene wenye bei nzuri unaugua na kukatika, kina mama wengi wamebaki na mwembamba ambao bei yake ni ndogo. Aliyasema haya huku amesimama ndani ya maji ya magoti, ameshika kamba mkononi. Kwenye simu kila nikimuuliza habari za mwani hujibu, "Tunashukuru Mungu."

Na Julai kuna Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya wa jadi, ambao mimi sikosi. Watoto wanausubiri kwa ajili ya kuona wanaume wa kusini na wa kaskazini wakichapana kwa migomba, na kibanda cha makuti kikiteketea. Baba yangu anausubiri kwa jambo jingine. Hesabu ya Mwaka ni ya siku 365, inagawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi, na yeye bado anapanga kwa miongo lini alime na lini apande. Haiendi na Idi, haiendi na kalenda ya ukutani. Nimemwomba amfundishe mjukuu wake kuhesabu kuanzia Mwaka ujao. Alinyamaza kidogo, halafu akaniambia nimnunulie mtoto daftari gumu, lisilochanika.

Nikiziweka pamoja, bamvua, karafuu, Mwaka na Idi mbili, na skuli inafunga kwa wakati wake, na likizo ya kazini haiongezeki, ni wazi kwamba hatutaweza kuzifikia zote kila mwaka. Tumekubaliana tuchague. Mwaka mmoja Pemba kwenye karafuu, mwaka unaofuata Makunduchi kwa kina zaidi. Idi tutagawana.

Leo baada ya isha babu aliwalipa wachumaji, kwa pishi kama kawaida yake, kila mtu na hesabu yake. Alipomaliza akaita, "Na huyu mchambuaji wangu?" Akazipima karafuu za binti yangu, ambazo bibi yake alikuwa akizitenga kikapuni bila kutuambia, akamhesabia pesa yake mkononi mbele ya watu. Hakumzidishia hata shilingi. Mtoto amezihesabu upya mara nyingi. Sasa anataka tusiondoke mpaka karafuu zake zikauke, apande gari na babu yake kwenda kuziuza, aone mzani. Boti yetu ni keshokutwa. Baba yake ametuma ujumbe kazini kuomba aongezewe siku, na amelala simu ikiwa karibu na mto.