Redio ya Mama

Redio yetu ilikuwa kwa Fundi tangu Ijumaa. Ilikuwa redio ndogo ya mawe mawili, kifungo cha sauti kimekatika, Mama akikizungusha kwa koleo. Fundi alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta kule Mathare, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, na ukuta wenyewe ulikuwa bati moja lenye matundu ya misumari. Usiku akiwa kazini, harufu ya lehemu ilipenya matundu hayo ikatufikia kitandani, na taa yake ikatupa nukta nukta za mwanga kwenye neti yetu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kila kifaa alichopokea alikibandika kikaratasi: jina la mwenyewe, ugonjwa wa kifaa, na deni.

Jumatatu jioni, tarehe 4 Juni 2007, polisi wawili waliuawa kwa risasi mtaani kwetu. Tulijua mara moja kwamba hatutalala.

Nitasema ukweli ambao wengi wetu hatupendi kuusema: tulikuwa tumewasubiri polisi waje. Tulikuwa tumechoka na Mungiki, lile kundi la vijana lililokuwa likitutoza pesa kwa vitisho. Ukijenga kibanda, unawalipa. Ukivuta stima, unawalipa. Choo unalipa, na mwenye matatu naye analipia stejini kila siku, la sivyo gari halitoki. Mwezi uliotangulia watu walikuwa wamekatwa vichwa huko mkoa wa Kati, na sisi tuliokuwa tunaishi katikati ya vijana hao tulizisoma habari zile tukiwa na hofu ya kutazamana. Kwa hiyo waziri aliposema hadharani kwamba kitakachosikika ni mazishi ya fulani kesho, pale kioskini watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga. Nilikuwa na miaka 22, na sikujiuliza huyo fulani atakuwa nani.

"Wacha waje," Mama alisema usiku ule huku akifunga komeo.

Walikuja kabla hakujapambazuka. Kwanza mbwa, halafu buti, halafu milango ikaanza kuanguka mmoja baada ya mwingine, na kila mlango ukianguka ungedhani ni wako. Gesi ya machozi ikajaa vichochoroni. "Wanaume nje! Lala chini!" Ndugu yangu alikuwa na miaka 16 lakini mrefu kama mtu mzima. Nilimsukuma chini ya kitanda, nikaziba mbele kwa gunia la makaa na mtungi wa maji. Mama akaketi pembeni mwa kitanda, akaishusha leso yake mpaka sakafuni, akaanza kuomba bila sauti. Midomo tu ndiyo iliyokuwa ikienda.

Wakabisha kwa Fundi.

"Fungua!"

"Nafungua, afande."

Nikasikia komeo lake.

"Kipande! Toa kitambulisho!"

"Kiko kwa shati, afande. Hapo kwa msumari."

Huo msumari nilikuwa naujua. Ulitokeza upande wetu, na kila asubuhi alipotungua shati lake bati letu liliitika, tiki, na hivyo ndivyo nilivyojua kumekucha. Nikasikia hatua zake zikija upande wetu. Nikasikia tiki. Kisha milio mitatu.

Moja ya risasi hizo ilitoboa bati ikaja kwetu, ikapiga sufuria iliyokuwa imetundikwa, ikaanguka karibu na mguu wa Mama. Kulipopambazuka, mwanga uliingia kwenye tundu hilo ukiwa mnene kama kidole. Nyumbani kwetu hawakuingia. Mpaka leo sijui ni kwa nini. Mlango wetu ulikuwa unafuata.

Jioni, jirani wa ng'ambo aliongeza sauti ya redio ili kichochoro kizima kisikie. Polisi walisema watu 22 wameuawa katika operesheni, washukiwa, katika ufyatulianaji wa risasi. Mimi nilikuwa upande wa pili wa bati. Milio niliyosikia ilikuwa mitatu, na yote ilitoka mlangoni. Kati ya sauti ya afande na milio ile, neno la mwisho lililotoka kinywani mwa Fundi lilikuwa msumari.

Mama hakungoja taarifa iishe. Alichukua mkebe mtupu wa Kimbo, akaukata kwa mkasi, akaunyoosha kwa jiwe, akaupigilia juu ya tundu. Risasi aliifunga kwenye kitambaa, na sikuiona tena. "Hatukuwa hapa," aliniambia. "Umesikia? Tulilala kwa shangazi yako."

Siku zilizofuata waliendelea kuokota maiti. Baadaye mwaka huohuo, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilisema kwamba watu wapatao 500 walikuwa wameuawa katika muda wa miezi michache, na kwamba dalili zinaelekeza kwa polisi. Polisi walikana. Februari 2009 akaja Philip Alston, mjumbe wa Umoja wa Mataifa, na watu wa mitaa kama yetu wakaenda kumweleza waliyoyaona. Jirani mmoja alinihimiza nami niende. Nilikuwa bado najishauri pale Oscar Kamau Kingara na John Paul Oulu, waliokuwa wakikusanya habari za mauaji hayo, walipopigwa risasi ndani ya gari jijini Nairobi, tarehe 5 Machi, siku chache tu baada ya Alston kuondoka. Nikaacha kujishauri. Leo kuna Katiba ya 2010, kuna sheria ya 2011 inayomtaka askari atumie kwanza njia zisizo za nguvu, na kuna mamlaka ya kuwachunguza polisi. Nazisoma sheria hizo mstari kwa mstari, na kila mara nafika kwenye lile shati.

Lakini hayo yote ni ya baadaye. Ijumaa ya wiki ileile mama yake Fundi alifika kutoka Murang'a. Alikuwa ametokea chumba cha maiti. Alikuwa amevaa sweta ya kijani iliyofungwa vifungo mpaka shingoni, na mkononi ameshika mfuko wa plastiki. Alipiga hodi kwetu kwa adabu, kama mgeni yeyote.

Mama alikuwa sokoni. Nilimkaribisha, nikampa kiti cha pekee tulichokuwa nacho, na kiti hicho kilikuwa kinatazama ukuta wa Fundi.

"Nimekuta vitu vya watu," alisema. "Navirudisha." Akatoa redio yetu kwenye mfuko. Kikaratasi kilikuwa bado kimebandikwa, kwa mwandiko ule mdogo wa kuegemea: *Mama jirani. Kifungo. Imepona. Baki 50.* Kifungo kilikuwa kipya, cheupe, cha redio nyingine. Nilikizungusha kwa vidole, kikazunguka bila koleo.

Nikampa shilingi 50. Aliipokea kwa mikono miwili.

"Daktari ameniambia zote zimeingia mgongoni," alisema. "Mtu anayepigana hupigwa mgongoni, mwanangu?"

Nikainama.

"Nyinyi mlikuwa hapa usiku huo?"

"Hapana, Mama. Tulilala kwa shangazi."

Alinyamaza. Aliinua macho ukutani. Bati lote lilikuwa la kahawia kwa kutu na moshi, na katikati yake kile kipande cha mkebe kinang'aa, misumari minne mipya kwenye pembe zake. Alikitazama muda mrefu sana. Halafu akasimama, akanyoosha mkono, akakigusa kwa ncha za vidole, taratibu, akizunguka ukingo wake wote.

"Asante kwa kiti," alisema, akachukua mfuko wake, akaenda kurudisha pasi ya mtu mwingine.