Vitofali vya Kuchezea Katika Masomo ya Nyumbani

Kwa mzazi anayemsomesha mtoto mdogo nyumbani, sijaona kifaa chenye manufaa mengi kama vitofali vya kuchezea, ilmradi viwe vimekatwa kwa vipimo vinavyooana, na ilmradi mtoto aachwe ajenge kwanza kabla ya mtu mzima kuuliza swali. Sharti la pili ndilo gumu. Sisi wazazi huwa na haraka ya kufundisha, hivyo kabla mtoto hajaweka hata kitofali cha tatu tunakuwa tumekwisha kumuuliza rangi yake, umbo lake na idadi yake, naye anaacha kazi aliyokuwa ameianza kwa moyo ili atujibu.

Suala la vipimo si dogo. Friedrich Froebel, mwalimu wa Kijerumani aliyeanzisha mwaka 1837 huko Bad Blankenburg taasisi ya watoto wadogo, ambayo mwaka 1840 aliipa jina la Kindergarten, alitayarisha vifaa vya kuchezea alivyoviita zawadi. Zawadi ya tatu ni mchemraba wa mbao uliogawanywa kuwa michemraba minane midogo iliyo sawa, ambao mtoto anaweza kuutenganisha na kuuunda upya huku akiona kwa macho yake nusu, robo na thumni. Baadaye Caroline Pratt wa Marekani, ambaye mwaka 1914 alianzisha shule ya watoto mjini New York, alibuni vitofali vya mbao ambavyo unene wa kimoja ni nusu ya upana wake, na upana ni nusu ya urefu wake. Kisha vipo vilivyo virefu mara mbili na mara nne ya hicho cha msingi. Hadi leo vitofali vya mbao vya namna hiyo vinatengenezwa, na kama nikitakiwa kuchagua seti moja tu, nitachagua hiyo badala ya seti kubwa yenye maumbo mengi ya mapambo yasiyolingana.

Sababu yake niliiona wazi siku mwanangu alipokuwa akijenga barabara sakafuni. Alikuwa akitumia virefu peke yake, na vilipokwisha alisimama na kuniambia, “Mama, virefu vimeisha na barabara haijafika.” Sikumpa jibu, nilimuuliza tu ni kiasi gani kimebaki. Alichukua kirefu kimoja kutoka mwanzo wa barabara, akakipima kwenye pengo, akakirudisha mahali pake, kisha akajaza pengo kwa viwili vya kati. Baadaye palipobaki pengo jingine la aina hiyo alijaza kwa vinne vya msingi bila kupima tena. Neno “sehemu” hatukulitamka siku hiyo, lakini alipokuja kukutana na nusu na robo kwenye karatasi, nilimrudisha sakafuni kwenye vitofali vilevile na hakuhitaji maelezo marefu.

Waliochunguza watoto wakijenga wameeleza mpangilio ambao mzazi yeyote atautambua: kwanza mtoto hubeba vitofali tu huku na huko, kisha huvipanga kwa safu na minara, halafu hujenga daraja, yaani viwili vimesimama na kimoja kimelazwa juu yake, na baada ya hapo huzungushia uwanja kwa ukuta, hupamba kwa mifumo inayofanana pande zote mbili, na mwishowe huiga majengo aliyoyaona. Hatua ya daraja ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa kuwa ndipo mtoto anapoanza kukadiria. Nguzo zikiwa mbali mno, kibao kinaanguka katikati, na watoto wengi hukirudisha kilekile mara kadhaa wakikigeuza upande huu na ule kabla ya kugundua kwamba kinachotakiwa kusogezwa ni nguzo. Mzazi anayenyoosha mkono na kuisogeza yeye amemnyang’anya mtoto somo lenyewe.

Kuanzia umri wa miaka mitano hivi, vitofali hivyohivyo vinafaa kwa upimaji. Mwambie mtoto apime urefu wa meza kwa vitofali virefu, kisha aipime upya kwa vile vilivyo nusu yake. Meza haijabadilika, lakini idadi imekuwa maradufu, na kulielewa jambo hili, kwamba kipimo kikipungua idadi huongezeka, ni muhimu sana kabla mtoto hajakabidhiwa rula. Ngazi za vitofali kimoja, viwili, vitatu hadi kumi zinafaa kwa kuhesabu, na kupanga rangi kwa zamu kunafaa kwa mifumo. Hayo kila mtu anayajua na sina la kuongeza.

Vitofali vya plastiki vyenye vinundu, yaani vichwa vidogo vya juu vinavyovishikanisha, vina somo lao la pekee. Kitofali cha LEGO cha safu mbili za vinundu vinne kina vinundu vinane, na cha Duplo, aina kubwa ya vitofali vya kampuni hiyohiyo, chenye idadi ileile ya vinundu kimeongezwa mara mbili kwa urefu, kwa upana na kwa kimo. Muulize mtoto wa miaka sita ni vidogo vingapi vitakavyofikia ukubwa wa hicho kikubwa. Wengi hujibu viwili, au vinne. Mwache avijenge mwenyewe: vinne vinatosha kufunika eneo lake, lakini kimo bado ni nusu, hivyo vinatakiwa vinane. (Vidogo hivi havifai mahali alipo mtoto wa chini ya miaka mitatu, kwa sababu huvitia mdomoni na vinaweza kumkaba, katika nyumba yenye wadogo na wakubwa, vya Duplo au vya mbao ndivyo salama.)

Zoezi jingine linaanza na vitofali viwili tu vya vinundu vinane, vya rangi moja. Je, vinaweza kushikana kwa namna ngapi tofauti? Jibu ni 24, ikiwa namna mbili zinazofanana baada ya kugeuzwa zinahesabiwa kuwa moja. Mtoto mdogo hatafikia zote, na si lazima afikie. Faida iko katika njia anayoitumia: mwanzoni anabahatisha na kurudia zilezile, kisha anaanza kuchora kila namna kwenye karatasi ya miraba ili asijirudie, na hatimaye anakisogeza kitofali cha juu kinundu kimoja kimoja kwa utaratibu. Huo utaratibu ndio ninaoutafuta, na siku unapojitokeza wenyewe ninafurahi kuliko kwa jibu lolote sahihi. Vikiwa sita, namna zinafika 915,103,765, tarakimu ambayo watoto wakubwa kidogo hupenda kuisoma kwa sauti.

Kubandika herufi juu ya vitofali ili mtoto ajifunze kusoma ni desturi ambayo sikubaliani nayo, maana inageuza kifaa cha kujengea kuwa kadi nzito. Lugha inaingia kwa njia nyingine: mtoto akimaliza, namwomba anieleze alichojenga, naandika maneno yake kama alivyoyasema, na karatasi hiyo tunaiweka karibu na jengo. Ndipo maneno kama juu ya, kati ya, nyuma ya na sambamba na yanapopata maana. Jengo likiwa kubwa, tusilibomoe siku hiyohiyo. Kesho yake mtoto alichore kutoka juu na kutoka ubavuni, atambue kwamba jengo moja lina michoro miwili isiyofanana. Michoro hiyo, pamoja na maneno yake na tarehe, ndiyo kumbukumbu ninayoihifadhi kwenye jalada lake la masomo.